Kisima, vyoo au sabuni: shule ianze na kipi?

Kamati ya shule ikipata fedha za kutekeleza jambo moja tu kati ya maji, vyoo na unawaji mikono, mara nyingi hukimbilia vyoo, kwa kuwa jengo jipya huonekana, hupigwa picha na huzinduliwa. Ulinganisho huu unakusudia kuwasaidia wanaobeba uamuzi huo, wawe walimu wakuu, wajumbe wa kamati au wafadhili, kupima kila chaguo kwa kigezo kimoja: linamrudishia mwanafunzi vipindi vingapi vya masomo, na litaendelea kufanya hivyo kwa muda gani baada ya wageni wa uzinduzi kuondoka. Msimamo wangu niutaje mapema: chaguo bora ni lile ambalo shule inaweza kulihudumia kila siku kwa nguvu zake yenyewe, hata kama ni dogo kuliko lile ambalo mfadhili angependa kulijenga.

Kwa hesabu za pamoja za UNICEF na Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2021, asilimia 29 ya shule duniani hazikuwa na huduma ya msingi ya maji ya kunywa, asilimia 28 hazikuwa na huduma ya msingi ya vyoo, na asilimia 42 hazikuwa na mahali pa kunawa mikono penye maji na sabuni kwa pamoja, upungufu uliowagusa watoto wapatao milioni 802. Pengo kubwa kuliko yote, kwa hiyo, liko kwenye kile kilicho rahisi kuliko vyote. Ikumbukwe pia kwamba katika hesabu hizo choo hakihesabiwi kwa kuwapo tu. Sharti kiwe cha jinsia moja, kiwe kinafanya kazi, kina faragha, na kiwe wazi kwa wanafunzi siku ya ukaguzi. Choo kizuri kilichofungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwalimu aliyesafiri, hakimo.

Sabuni kwanza au matundu kwanza

Hapa ndipo ushahidi unapowashangaza wengi. Katika utafiti uliofanyika kwenye shule za msingi za Nyanza, magharibi mwa Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2012, baadhi ya shule zilipewa elimu ya usafi pamoja na dawa ya kutibu maji, nyingine zikapewa hayo hayo na kuongezewa vyoo vipya, na nyingine zikaachwa kwanza kama zilivyokuwa. Kwa jumla mahudhurio hayakubadilika. Hata hivyo, katika maeneo mawili ambayo hayakukumbwa na machafuko ya baada ya uchaguzi, uwezekano wa msichana kukosa shule ulipungua kwa asilimia 58 katika shule zilizopata elimu ya usafi na maji yaliyotibiwa, na shule zilizoongezewa vyoo zilipata nafuu inayokaribiana na hiyo, wala si maradufu yake. Kwa wavulana badiliko la namna hiyo halikuonekana.

Utafiti mwingine wa eneo hilo hilo ulipima vijidudu vya kinyesi kwenye mikono ya wanafunzi, na ukagundua kwamba wasichana wa shule zilizojengewa vyoo vipya walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kukutwa na vijidudu hivyo kuliko wenzao. Maelezo yake si magumu. Choo kipya huvuta watumiaji wengi zaidi, na mahali ambapo hakuna sabuni, maji ya uhakika wala kitu cha kujisafishia, kila anayekitumia hutoka na kilichobaki mikononi na kwenda nacho kwenye chakula, kalamu na mkono wa rafiki.

Upande wa pili wa mizani kuna jaribio lililofanyika katika shule za msingi za jimbo la Fujian nchini China na kuchapishwa mwaka 2007. Shule ambazo, pamoja na mafunzo ya kunawa, zilipewa sabuni isiyokatika na wanafunzi waliochaguliwa kuwakumbusha wenzao, zilishuhudia siku za kukosa shule zikipungua kwa asilimia 54 zikilinganishwa na shule ambazo hazikupewa kitu. Mjini Cairo, kampeni ya kunawa mikono katika shule za msingi, iliyochapishwa mwaka 2011, ilipunguza utoro uliosababishwa na kuhara kwa takriban asilimia 30 na ule wa magonjwa yanayofanana na mafua kwa takriban asilimia 40. Hili la mwisho halizungumzwi vya kutosha, kwa sababu tumezoea kuhusisha mikono michafu na tumbo peke yake, na kumbe macho mekundu na mafua huondoa watoto darasani pia.

Kwa hiyo, shule yenye maji ya kutosha na vyoo vichache vinavyotumika itapata faida ya haraka zaidi kwa kununua sabuni ya mwaka mzima kuliko kwa kujenga matundu mawili. Hukumu hiyo hubadilika katika hali mbili. Pasipo na maji kabisa, maji hutangulia kila kitu, maana sabuni bila maji haisaidii na watoto wanaotumwa kuchota mbali hupoteza vipindi. Na pale ambapo hakuna choo hata kimoja kinachofaa, hivi kwamba watoto hujisaidia vichakani, vyoo haviwezi kungoja, kwa kuwa minyoo itakayoenea kwenye udongo huo haizuiliwi kwa kunawa mikono peke yake. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu.

Foleni ya mapumziko

Kabla ya kuamua kuongeza matundu, ni vyema kupiga hesabu ya foleni. Tuchukulie shule ya kutwa yenye wasichana 300 na matundu sita, mapumziko ya dakika 30, na kila msichana akitumia dakika mbili. Kila tundu litahudumia wasichana 15, na yote sita yatahudumia 90. Wanaobaki hujizuia, huomba ruhusa katikati ya somo la hesabu, au huacha kunywa maji asubuhi ili wasihitaji kwenda, jambo linaloleta kiu na maumivu ya kichwa mchana.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 kwa shule za mazingira yenye uwezo mdogo unapendekeza tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja pamoja na sehemu moja ya kukojolea kwa kila 50. Shule yetu, basi, ingehitaji matundu 12 ya wasichana, ambayo yangehudumia 180 katika mapumziko yale yale. Lakini matundu sita yaliyopo yangehudumia idadi hiyo hiyo iwapo madarasa ya chini na ya juu yangepewa mapumziko kwa nyakati tofauti. Ratiba hiyo haigharimu kitu, na nashangaa ni shule chache kiasi gani huifikiria kabla ya kuita fundi. Haiondoi haja ya ujenzi, kwani matundu machache huchafuka upesi na mashimo hujaa mapema, ila hununua muda wa kujenga vizuri badala ya kujenga haraka. Kwa wavulana, ukuta wa kukojolea wenye mfereji uliosakafiwa huhudumia watoto kadhaa kwa wakati mmoja kwa gharama ndogo kuliko tundu moja, tena huyapunguzia matundu ya haja kubwa msongamano na mkojo sakafuni.

Shimo lenye bomba la hewa, choo cha kumwagia maji, au cha kutenganisha mkojo

Choo cha shimo kilichoboreshwa kwa bomba la kutoa hewa, ambacho kiliendelezwa nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970, hakihitaji maji na ndicho ninachokipa nafasi ya kwanza kwa shule nyingi zisizo na maji ya bomba. Kinafanya kazi hivi: upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na hewa safi huingia kupitia tundu la choo, hivyo chumba hakinuki. Nzi waliomo shimoni hufuata mwanga, nao mwanga uko juu ya bomba, ambako hukutana na wavu na kufa. Ubora wote wa choo hiki umo katika vitu vitatu vidogo ambavyo mafundi wengi huviharibu. Chumba kinatakiwa kiwe na mwanga hafifu. Ukiweka dirisha kubwa, nzi wataufuata mwanga wa chumbani na kutokea kwenye tundu. Tundu lisifunikwe, kwa sababu kifuniko hukata mkondo wa hewa. Na ule wavu, ambao gharama yake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote katika jengo zima, ukaguliwe kila muhula, maana ukitoboka choo kinarudi kuwa shimo la kawaida lenye bomba la mapambo.

Udhaifu wa choo hiki ni kujaa. Makadirio ya kawaida ni kwamba mtu anayekitumia siku zote huongeza kati ya lita 40 na 60 za tope kwa mwaka. Mwanafunzi wa kutwa huongeza pungufu ya hapo. Tukichukua lita 20, watoto 50 wa tundu moja wataongeza lita 1,000, yaani mita moja ya ujazo, kila mwaka. Shimo lenye mita tatu na nusu za ujazo litakuwa limejaa kabla ya mwaka wa nne kwisha. Swali la kumuuliza mkandarasi, basi, ni jinsi shimo litakavyomwagwa, na jinsi gari au watu watakavyolifikia. Mashimo mawili yanayopokezana, moja likitumika huku jingine likipumzika, hugharimu zaidi mwanzoni lakini huiondolea shule adha ya kujenga upya.

Choo cha kumwagia maji, kwa upande wake, kina mkunjo wa bomba unaobakiza maji kidogo, na maji hayo huzuia harufu na nzi kabisa. Kinapendeza, ni rahisi kukiosha, na wasichana wakubwa hukipenda. Mwongozo uliotajwa unakikadiria kuhitaji lita 1.5 hadi 3 kwa mtu kwa siku, huku choo cha kuvuta maji kutoka tangi kikihitaji lita 10 hadi 20. Kwa wanafunzi 400, cha kumwagia kitakula hadi lita 1,200 kila siku, kiasi ambacho ni mara mbili ya maji yanayohitajika kwa kunywa na kunawa kwa uangalifu. Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwenye michoro: pale watoto wanapojisafisha kwa karatasi za daftari, majani au magunzi, mkunjo huziba ndani ya wiki, na choo kilichoziba ni kibaya kuliko shimo. Anayechagua aina hii na awe na uhakika wa vitu viwili, yaani maji karibu na mlango mwaka mzima, na desturi ya kutumia maji kujisafishia.

Choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi kina mahali pake, nako ni kwenye miamba isiyochimbika au ardhi ambayo maji yake yako karibu na uso. Kinyesi hubaki kikavu juu ya ardhi na kufunikwa kwa majivu. Kwa shule yenye watoto wa darasa la kwanza nisingekipendekeza kama kuna njia nyingine, kwa sababu maji au mkojo ukimwagika upande usiotakiwa mfumo mzima hunuka, na mtoto wa miaka sita hulenga anavyoweza.

Aina yoyote ya shimo ikichaguliwa, kipimo kinachotumika sana ni kuliweka umbali wa angalau mita 30 kutoka kisima, upande wa chini wa mteremko, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi wakati wa masika, si wakati wa kiangazi ambapo fundi hupima na kufurahi.

Maji yatoke wapi

Kiwango cha WHO kwa shule ya kutwa ni lita tano kwa kila mtu kwa siku, na lita 20 kwa shule ya bweni, kabla ya kuhesabu maji ya vyoo. Shule ya kutwa ya wanafunzi 400 inahitaji lita 2,000.

Bomba la mamlaka ya maji, likiwepo karibu, lichukuliwe, lakini liambatane na tangi la akiba la siku mbili au tatu, kwa kuwa maji ya mgao hukatika bila kubisha hodi.

Kisima kirefu chenye pampu ya mkono hakitegemei msimu kama mvua. Kwa lita 17 kwa dakika, ambacho ni kiwango kinachotumiwa katika mipango ya misaada, pampu moja itatoa lita zile 2,000 kwa takriban saa mbili za kusukuma. Mambo mawili hukiangusha. La kwanza ni ubora wa maji yenyewe: yapimwe maabara kabla ya kununua pampu, hasa floridi isiyopaswa kuzidi miligramu 1.5 kwa lita na aseniki isiyozidi miligramu 0.01, kwani sumu hizi haziondolewi kwa kuchemsha wala kwa klorini. La pili ni vipuri. Pampu huharibika kwenye vitu vidogo kama mipira na vyuma vya kuunganishia, na kama duka la vipuri halifikiki, kisima hugeuka sanamu. Aina ya pampu ifuate ile ambayo mafundi wa eneo husika tayari wanaijua.

Maji ya mvua ndiyo yanayopigiwa hesabu vibaya kuliko yote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 25 kwa 8, katika eneo linalopata milimita 800 kwa mwaka, na tukitoa asilimia 20 inayopotea, litakusanya lita 128,000. Mahitaji kamili ya shule hiyo ya wanafunzi 400 kwa siku 200 za masomo ni lita 400,000, kwa hiyo paa hilo halifikii hata theluthi moja. Lakini tukiyatenga kwa kunywa na kunawa tu, lita 1.5 kwa mtoto, tunahitaji lita 120,000, nayo yanatosha. Tatizo linalobaki ni tangi. Kwa siku 40 za masomo zisizo na mvua tutahitaji lita 24,000 zilizohifadhiwa, wakati shule nyingi huwekewa tangi la lita 5,000 au 10,000 na kushangaa linapokauka. Maji ya mwanzo wa kila mvua, yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe, na mlango wa tangi ufungwe kwa wavu kuzuia mbu.

Kuhusu kutibu maji ya kunywa, kuchemsha kunaua vijidudu vyote vinavyohusika lakini kwa mamia ya watoto kuni huwa mzigo, na maji yaliyopoa huchafuliwa tena kwa kikombe kimoja. Klorini ni rahisi zaidi na hubaki ndani ya maji ikiyalinda, mradi yasiwe ya matope, na mradi mtu mmoja aliyetajwa kwa jina apewe jukumu la kuipima na kungoja dakika 30 kabla ya kuyagawa. Chombo kiwe na koki, kikombe kisichovywe.

Pa kunawia

Sinki lenye bomba ni zuri kwa shule yenye maji ya mgandamizo, lakini koki huvunjwa na kuibwa, na moja ikivunjika sinki zima hufungwa. Kibuyu chirizi, yaani dumu la lita tano lenye tundu dogo, lililoning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, hutumia maji machache mno na mikono haigusi kitu. Kasoro yake ni kwamba hukatika kamba, hupasuka kwa jua na huhitaji kujazwa mara nyingi. Shule ya watoto 400 ingehitaji vingi sana. Kati ya hivyo viwili lipo chaguo ninalolipendelea: bomba refu la plastiki lililolazwa juu ya mfereji wa saruji, lenye matundu madogo kila baada ya sentimita 30 au zaidi, linalopokea maji kutoka kwenye pipa. Darasa zima hunawa kwa pamoja kwa dakika chache, mwalimu akiwa amesimama pale, na unawaji unakuwa sehemu ya ratiba badala ya hiari ya mtoto.

Sabuni ya mche huyeyuka ikiachwa kwenye maji na hupotea mifukoni. Hutunzwa vyema ikitiwa ndani ya wavu au soksi na kufungwa kwa kamba. Shule yenye bajeti finyu itapata unafuu zaidi kwa kuyeyusha sabuni ya unga, gramu 30 kwa lita moja na nusu ya maji, na kuitia kwenye chupa iliyotobolewa kizibo. Haivutii mwizi, na mtoto hutumia matone machache.

Taulo za kike au chumba chenye komeo

Wafadhili wengi hugawa taulo za kike wakiamini kwamba hedhi ndiyo inayowaondoa wasichana shuleni. Jaribio lililofanyika nchini Nepal na kuchapishwa mwaka 2011 lilikuta kwamba wasichana walikosa kwa sababu ya hedhi takriban siku 0.4 tu katika mwaka wa masomo wa siku 180, na vikombe vya hedhi walivyopewa, yaani vikombe laini vinavyovaliwa ndani ya mwili ili kukinga damu, havikubadili mahudhurio yao, ingawa walivipenda. Kwa upande wa majengo, uchambuzi wa ujenzi wa vyoo vya shule nchini India, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba watoto wadogo wa jinsia zote hunufaika na choo chochote, ilhali wasichana waliobalehe hufaidika kidogo na vyoo vya pamoja na zaidi na vyoo vyao peke yao.

Hilo haliondoi thamani ya taulo, kwani msichana anayekaa darasani akihofia sketi yake hasomi hata kama jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio. Ila kama fedha ni za kimoja, ningeanza na chumba: mlango wenye komeo la ndani, maji ndani ya chumba hicho hicho, ndoo yenye kifuniko, msumari wa kutundika mkoba, na mlango usiotazamana na vyoo vya wavulana. Taulo bila mahali pa kuzibadilishia hubadilishwa nyumbani.

Nani atasafisha

Chaguo la mwisho ni kati ya kumwajiri msafishaji na kuwapangia wanafunzi zamu. Zamu ni nafuu na hufundisha wajibu, lakini huzaa dhuluma mbili ambazo kamati inapaswa kuzikataza kwa maandishi: kuwapa wasichana peke yao kazi ya vyoo, na kuitumia kazi hiyo kama adhabu, jambo linalomfundisha mtoto kuchukia choo chenyewe. Pia ni vipindi vinavyopotea. Shule inayoweza kumlipa mtu hata kwa nusu siku imlipe, impe glavu, buti, brashi ya mpini mrefu na dawa, na wanafunzi wabaki na kazi ya kujaza maji na kukumbushana sabuni. Isiyoweza igawe zamu kwa jinsia zote, baada ya masomo na chini ya mwalimu, kwa vifaa hivyo hivyo. Katika bajeti itakayopelekwa kwenye mkutano wa wazazi, mshahara huo, sabuni, klorini, wavu wa bomba la hewa, vipuri vya pampu na fedha za kumwaga shimo viandikwe kwenye ukurasa mmoja na gharama ya ujenzi, na ikionekana kwamba havitaweza kulipwa mwaka wa pili, idadi ya matundu ipunguzwe kabla fundi hajaanza kuchimba.